Kuzimwa, Kuzimika na Kuzimia: Maneno ya Kazi ya Wasimamizi wa Mitambo ya Kompyuta

Miongoni mwa kazi zilizoingia nchini pamoja na kompyuta, iko moja ambayo hata jina lake halijatulia bado, nayo ni kazi ya kuangalia hali ya mitambo iliyo mbali. Wizara, benki au shirika lenye matawi mengi haliwezi kuweka fundi kila mahali palipo na mashine. Badala yake huweka programu ya uangalizi katika seva moja. Programu hiyo huzipigia hodi mashine zote kwa zamu, usiku na mchana. Huziuliza habari, huandika majibu, na jibu likikosekana au likiwa baya, humwamsha mtu. Mtu huyo ndiye msimamizi, na mafunzo yake ndiyo yanayozungumzwa hapa.

Makala hii yakusudia kueleza mambo yanayofundishwa katika daraja la juu la mafunzo hayo, na kuonyesha kwamba sehemu iliyo ngumu zaidi si ya mashine bali ni ya kutofautisha hali. Tofauti hizo, ambazo mwalimu wa Kiingereza hana budi kuzieleza kwa maneno mengi, zimo tayari katika mnyambuliko na nyakati za kitenzi cha Kiswahili. Mfano utakaotumiwa ni wa Rugu, kata ya wilaya ya Karagwe, mkoa wa Kagera. Kwa kuwa ubora wa maneno ya kazi hujulikana zaidi mwisho wa waya kuliko makao makuu.

Asili ya kazi

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingizwa kwa kompyuta nchini, na zuio hilo lililegezwa baadaye. Katika miaka hiyo uangalizi haukuhitaji programu. Mashine ilikuwa moja, katika chumba kimoja, na mwendeshaji aliyekaa kando yake aliisikia kwa masikio yake ikibadili sauti.

Haja ilikuja pamoja na mtandao. Mwaka 1983 Mike Muuss, aliyekuwa mtumishi wa maabara ya jeshi la Marekani, aliandika programu ndogo iitwayo ping, inayotuma neno fupi kwa mashine ya mbali na kungoja mwangwi wake. Jina alilitoa katika mlio wa chombo cha manowari kinachopima umbali kwa sauti. Nahodha wa pwani aliyeteremsha bildi majini ili ajue kina asichokiona angeielewa kazi hiyo mara moja. Mwaka 1988 ilitolewa kanuni ya SNMP, ambayo kwayo mashine huweza kuulizwa si kama ipo tu, bali pia ina joto gani, imebeba mzigo gani, na milango yake ipi imefunguka. Programu kubwa za uangalizi zilifuata: ile ya Ethan Galstad ya mwaka 1999, iliyopewa jina la Nagios mwaka 2002, na Zabbix, iliyotolewa mwaka 2001 na Alexei Vladishev wa Riga, katika nchi ya Latvia.

Kwa Tanzania, jambo hili lilipata uzito mkubwa baada ya mwaka 2009, waya wa baharini wa Seacom ulipofika Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoendelea kutandazwa mikoani. Wakala wa Serikali Mtandao ulianzishwa mwaka 2012. Mwaka 2017 ulianza kutumika mfumo wa FFARS, uliobuniwa kwa ajili ya hesabu za vituo vya afya, zahanati na shule. Tangu hapo kukatika kwa mawasiliano wilayani hakukuwa tena shida ya karani wa makao makuu peke yake. Kulihusu hata fedha ya dawa na ya chaki.

Mafunzo nayo yana historia yake. Kuanzia mwaka 2000, mkutano wa AfNOG, uliofanyika kwanza Cape Town, uliwakusanya mafundi wa mitandao wa Afrika na kuwafundisha kwa vitendo. Kituo cha NSRC cha Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, kimetoa walimu na vifaa katika kazi hiyo, na uangalizi wa mitandao ni mojawapo ya masomo yake. AfNOG ilifika Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011. Lugha zake za kufundishia zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Jambo hilo si la kulaumiwa, kwani wanafunzi walitoka bara zima. Lakini limeacha deni ambalo wanalugha wa Afrika Mashariki ndio wapaswao kulilipa.

Jina la kazi

Maneno matano yamekuwa yakitumiwa kuitaja kazi hii: ulinzi, upelelezi, ukaguzi, ufuatiliaji na uangalizi. Kila moja lina uzito wake, na kulichagua baya kuna madhara.

Ulinzi ni kumzuia adui asiingie. Programu inayozungumzwa haizuii. Huona na kusema. Kuiita ya ulinzi ni kuiahidia kazi isiyoiweza, na ofisi iliyoahidiwa hivyo huenda ikaacha kuweka kufuli za kweli. Upelelezi ni kutafuta siri za watu. Mtumishi akiambiwa kwamba katika mashine yake imewekwa programu ya upelelezi, ataogopa kuwa barua zake zasomwa, naye akipata nafasi atachomoa waya. Ukaguzi hufanywa mara moja kwa kipindi, na mkaguzi hubisha hodi, huandika taarifa, akaenda zake. Programu hii haiendi zake. Ufuatiliaji ni neno lililokwisha kuzoewa katika ofisi za miradi, ambako huambatana na tathmini, nalo latazama kama mpango watekelezwa. Halitazami kama moyo wapiga.

Linabaki uangalizi. Neno hili tayari hutumiwa hospitalini: mgonjwa aliye chini ya uangalizi hupimwa joto kila baada ya muda, hali yake huandikwa kitandani, na daktari huitwa ikibadilika. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, bila kupungua wala kuzidi. Kwa hiyo katika makala hii programu yaitwa programu ya uangalizi, na mwenye kuitunza ni msimamizi wa uangalizi.

Kadhalika maneno "mafunzo ya juu" yahitaji hadhari, maana kwa desturi yaonyesha masomo yanayofuata shule ya sekondari. Waalimu wa programu hizi wana ngazi zao wenyewe. Zabbix, kwa mfano, ina madaraja manne ya vyeti, kuanzia mtumiaji wa kawaida hadi bingwa. Yafaa kusema "mafunzo ya daraja la juu", ili ieleweke kwamba ni ngazi ndani ya kazi, si ngazi ya shule.

Tofauti kati ya daraja la chini na la juu ni hii. Wa daraja la chini hujifunza kuipakia programu, kuingiza majina ya mashine, na kusoma rangi katika kioo: kijani ni heri, nyekundu ni shari. Wa daraja la juu hujifunza kutoiamini rangi nyekundu mpaka ameiuliza ina maana gani.

Shina moja, hali nne

Mwalimu wa Kiingereza husema kwa neno moja kwamba mashine "iko chini". Neno hilo hufunika mambo manne yasiyofanana, na mwanafunzi hutumia siku nyingi kuyatenganisha. Kiswahili chayatenga kwa irabu na konsonanti chache zilizofuata shina.

Mashine imezimwa: hii ni kauli ya kutendwa, na kila kitenzi cha kutendwa kina mtenda hata asipotajwa. Swali linalofuata ni "na nani?" Huenda ni fundi mwenye ruhusa, kwa ratiba iliyoandikwa, huenda ni mfagiaji aliyetaka nafasi ya kuchomeka pasi. Programu za uangalizi zina mahali pa kuandika kuwa mashine fulani itazimwa saa fulani kwa matengenezo, ili kengele zisipigwe bure. Msimamizi asemaye "imezimwa" anadaiwa jina la mtu.

Mashine imezimika: hii ni kauli ya kutendeka. Hapa mtenda hayupo, wala sarufi haimruhusu. Hakuna asemaye "imezimika na fundi". Swali lake ni "kwa nini?" au "kwa sababu gani?": umeme, joto, kifaa kibovu. Hivyo kiunganishi chenyewe kinaongoza uchunguzi: penye "na" hutafutwa mtu, penye "kwa" hutafutwa sababu.

Mashine imezimia: kwa umbo ni kauli ya kutendea, lakini kwa maana neno limekwisha kujitenga. Mtu aliyezimia yu hai. Mapigo yapo, pumzi ipo, ila ukimwita haitiki. Kuna hali ya mashine iliyo hivyo hasa. Ping inajibiwa, taa zawaka, upepeo wazunguka, lakini huduma iliyokusudiwa, kama hifadhidata au ukurasa wa malipo, haitoi jibu. Msimamizi wa daraja la chini huona kijani akalala. Wa daraja la juu amefundishwa kupima huduma, si mapigo peke yake.

Mashine haifikiki: hapa shina lenyewe limebadilika, na ndivyo ipasavyo, kwa kuwa jambo limehama kutoka kwenye mashine likaenda njiani. Mashine yaweza kuwa nzima kabisa. Kilichokatika ni kiungo kati yake na mwangalizi. Nagios hutenga hali hii na ile ya kuzimika, mradi msimamizi ameieleza kwanza kila mashine hupitia ipi ili ifikiwe. Mashine ya kupitiwa huitwa mzazi.

Lipo neno la tano, ambalo kila mwenye simu Tanzania amelisikia, yaani "haipatikani". Ubora wake ni kwamba halidai kujua. Simu isiyopatikana huenda imezimwa, imezimika, au iko mahali pasipo na mtandao. Neno hili lafaa kuwekwa kwa hali ya mwanzo kabisa, kabla ya uchunguzi. Programu nazo zina nafasi ya kutojua: vipimo vya Nagios hurudisha nambari 0 kwa hali njema, 1 kwa onyo, 2 kwa hatari, na 3 pale kipimo kiliposhindwa kujua. Kuikiri nambari 3, badala ya kuilazimisha iwe 2, ni alama mojawapo ya msimamizi aliyekomaa.

Mfano wa Rugu

Kiswahili si kigeni Karagwe. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa na kituo chake Kafuro katika karne ya 19, na Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861 alikuta njia iliyokwisha kukanyagwa. Hata hivyo lugha ya nyumbani ni Kinyambo, au Runyambo kama wenyewe wasemavyo. Lugha hiyo nayo hujenga maana kwa viambishi vinavyofuata shina la kitenzi. Josephat Rugemalira alilichunguza jambo hilo katika tasnifu yake ya mwaka 1993 ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na sarufi yake ya Runyambo ilichapishwa mwaka 2005. Maana yake ni kwamba kijana wa Rugu anayeingia katika mafunzo amekwisha kuzoea tangu utotoni kupambanua kilichotendwa na kilichotendeka. Mzigo huo mwalimu ameutuliwa kabla hajafika.

Na tuchukue mfano wa kubuni. Katika kata ya Rugu pana mashine nane: mbili za zahanati, tatu za shule, mbili za ofisi ya kata, na ruta moja iunganishayo zote na antena inayotazamana na mnara ulio mlimani. Seva ya uangalizi iko Dodoma. Jioni moja mvua ya radi yapita. Katika kioo cha Dodoma, alama nane zageuka nyekundu kwa dakika moja.

Msimamizi asiyefunzwa ataandika: "Mashine nane za Rugu zimezimika." Maneno hayo yana matokeo mawili. La kwanza, fundi wa Kayanga, makao makuu ya wilaya, atapanda pikipiki asubuhi na begi la vifaa vya kuwashia mashine ambavyo havihitajiwi, wala hatapita mnarani, mahali palipo na kasoro. La pili ni baya zaidi. Mhudumu wa zahanati atapigiwa simu na kuambiwa kuwa mtambo wake umezimika. Yeye anauona ukiwaka mbele yake, na ndani yake zimo kumbukumbu za wagonjwa wa siku nzima zikingoja kutumwa. Lakini aliyesema ni mkubwa wake, kwa hiyo ataizima na kuiwasha tena ili atii. Ikiwa programu yake haikuandikwa kwa uangalifu, kumbukumbu zisizotumwa zapotea. Hivyo mashine isiyokuwa na ubaya wowote imezimwa kwa sababu ilisemwa imezimika. Neno lililokosewa limegeuka tendo.

Msimamizi wa daraja la juu amekwisha kuieleza programu kwamba antena ni mzazi wa ruta, na ruta ni mzazi wa zile saba. Kwake kengele itapigwa mara moja tu: kiungo cha mnara na antena kimekatika, mashine za Rugu hazifikiki. Ataipigia zahanati na kusema: "Mashine yenu ni nzima, njia ndiyo iliyokatika. Endeleeni na kazi, wala msizime kitu."

Iko hatua nyingine mbele. Katika Zabbix yaweza kuwekwa seva ndogo karibu na mahali penyewe, tuseme Kayanga, ambayo huzipima mashine za jirani kwa niaba ya seva kuu, na njia ya Dodoma ikikatika huweka majibu yake akiba hadi irudi. Kuitafutia seva hiyo jina kumekuwa na mashaka, maana programu ndogo inayokaa ndani ya kila mashine tayari huitwa wakala. Neno kaimu lafaa. Wakala hutumwa, kaimu hushika nafasi wakati mkubwa hayupo, akatoa hesabu akirudi. Kaimu akiwapo Kayanga, asubuhi msimamizi hatauliza tu kama Rugu yafikika sasa, bali ataweza kusoma ilikuwaje usiku kucha, na kujua kama umeme ulikatika kabla ya njia au baada yake. Swali hilo lina uzito katika mkoa wa Kagera, ambao kwa miaka mingi umepata umeme wake kutoka Uganda kwa njia ya Masaka hadi Kyaka. Hitilafu ya umeme na hitilafu ya mtandao zilikuwa na mabwana wawili, katika nchi mbili.

Nyakati za kitenzi

Programu nzuri ya uangalizi haipigi kengele kwa jibu moja lililokosekana. Hurudia kuuliza mara kadhaa, kwa hesabu aliyoiweka msimamizi, na katika muda huo hali huhesabiwa kuwa haijathibitika. Marudio yakiisha bila jibu, hali huthibitika na watu huitwa. Wanafunzi wengi hukanganywa na jambo hili, kwa kuwa katika Kiingereza hali hizo mbili hutajwa kwa sifa za "laini" na "ngumu", ambazo hazionyeshi muda.

Kukanusha kwa Kiswahili kwalimaliza. Haikujibu: mara ile moja jibu halikuja. Haijajibu: jibu lingali likingojwa, na marudio yaendelea. Haijibu: kungoja kumekwisha, na sasa hiyo ndiyo hali yake. Taarifa inayopeleka neno "haijajibu" kwa mkuu wa idara imepelekwa mapema mno. Na ile isemayo "haikujibu" katika kitabu cha zamu haimtaki mtu yeyote aamke.

Vivyo hivyo "imekatika" na "ilikatika". Kiambishi -me- chasema kwamba matokeo yapo hadi sasa. -Li- chasema jambo lilitokea, na yawezekana limepita. Ujumbe wa kengele hauna budi kuwa na -me-, na taarifa ya mwisho wa mwezi iwe na -li-. Msimamizi atumaye "mtandao ulikatika" usiku wa manane atamfanya mpokeaji alale tena.

Onyo, hatari na kupapatika

Kipimo kingine cha daraja la juu ni kuweka vizingiti. Kizingiti ni kiasi ambacho kikivukwa hali hubadilika jina: diski iliyojaa sehemu 80 katika 100 yastahili onyo, na iliyojaa 95 ni hatari. Hesabu hizo si sheria. Diski kubwa inayojaa polepole na ndogo inayojaa kwa saa mbili haziwezi kuwa na kizingiti kimoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwa upande wa pili, anayepiga mbiu kwa kila ufa mwishowe hasikilizwi. Wasimamizi wengi wameacha kuzijali kengele zao kwa sababu zilipigwa mara mia bila ya haja, na ile ya mia na moja, iliyokuwa ya kweli, ikapita pamoja na wenziwe.

Baadhi ya waandishi wameita daraja ya kwanza "hadhari" na ya pili "hatari". Maneno hayo yapendeza yakiandikwa, lakini katika simu yenye kelele hukaribiana mno, na zaidi kwa wasemaji wa bara ambao aghalabu hutamka dh kama z. Katika kazi ambayo ujumbe husomwa na mtu aliyeamka usingizini, maneno mawili yanayopingana hayafai kufanana. Onyo na hatari hayawezi kuchanganywa.

Hali ya mashine inayozimika na kuwaka mara kwa mara yahitaji jina lake. Nagios huyatazama majibu 21 ya mwisho, na mabadiliko yakizidi kadiri iliyowekwa, husitisha kengele na kuandika kwamba hali haijatulia. Kitenzi papatika, kama ndege apapatikavyo mtegoni, chaonyesha mwendo huo sawasawa. "Kubadilikabadilika" ni refu, na laweza kuwa la polepole.

Mwisho ni kuitikia. Msimamizi aliyeipata kengele hubonyeza mahali fulani ili wenzake wajue kwamba imesikiwa. Wengi hudhani kubonyeza huko ni kusema kuwa shida imekwisha. Neno "kuthibitisha" lazidisha kosa hilo. Kuitikia ni bora: aitikiaye amesikia na anakuja, wala hajasema kwamba amefika.

Pingamizi na jibu lake

Watakuwapo wasemao kwamba kioo chenyewe kimeandikwa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, na mitihani ya vyeti vikubwa vilevile. Basi mwanafunzi akifundishwa kwa Kiswahili atabebeshwa mizigo miwili. Pingamizi hili lina nguvu, na halijibiwi kwa mapenzi ya lugha peke yake.

Jibu ni kwamba vitu viwili vimechanganywa. Majina ya programu, amri za kuandika na maneno ya kioo hayana haja ya kutafsiriwa darasani. Fundi wa magari hutengeneza gia na klachi bila ya kuvitafutia majina mapya. Kinachotakiwa kuwa katika Kiswahili ni hoja: kuuliza, kupambanua, kuamua na kumweleza mwingine. Msimamizi haongei na kioo tu. Huongea na mhudumu wa zahanati, mwalimu mkuu na fundi wa mnara, na mazungumzo hayo ni ya Kiswahili hata sasa. Akiwa amejifunza kutofautisha kwa lugha moja na anatoa maagizo kwa lugha nyingine, tofauti humwagika njiani.

Mifano ya awali ipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, kilitoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili ziitwazo Jambo OpenOffice, katika mradi wa Kilinux. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, ingawa wengi walikuwa wamesema kwamba istilahi hazitoshi. Katika mambo hayo mawili ilionekana kwamba kazi ngumu si kubuni maneno. Ni kuyachagua yale yaliyopo na kuafikiana yabaki na maana moja.

Maneno yanayopendekezwa

Imezimwa: imesimamishwa na mtu, kwa ratiba au bila ratiba, jina lake liandikwe.
Imezimika: imesimama kwa sababu isiyo ya mtu, sababu itafutwe.
Imezimia: yajibu mapigo lakini haitoi huduma.
Haifikiki: njia ya kuifikia imekatika, hali yake yenyewe haisemwi.
Haipatikani: bado haijajulikana ni lipi katika hayo.
Haijajibu, haijibu: hali isiyothibitika, hali iliyothibitika.
Onyo, hatari: daraja mbili za kizingiti.
Kupapatika: kuzimika na kuwaka mara kwa mara.
Mzazi: mashine ambayo nyingine hufikiwa kwa kupitia kwake.
Wakala, kaimu: programu iliyo ndani ya mashine, seva ndogo ipimayo kwa niaba ya ile kuu.
Kuitikia: kuonyesha kuwa kengele imesikiwa na kazi imeshikwa.

Maneno haya yote yamo vinywani mwa watu. Hakuna hata moja lililobuniwa, na hiyo ndiyo sifa yake, kwani neno litakalosemwa kwa simu saa nane ya usiku kwa mtu wa Rugu sharti liwe ni neno alilolijua kabla ya kompyuta kufika. Kilichobakia ni kwa waandishi wa vitabu vya mafunzo kuyatumia kwa maana hizo peke yake, na kwa vyombo vyenye dhamana ya istilahi kuyapima, kuyakosoa panapostahili, na kuyatangaza. Mpaka hapo, kila darasa litaendelea kubuni yake, na mashine nzima zitaendelea kuzimwa.